Fedha za Umma, Riba na Deni la Msomi

Fedha za serikali humfikia mwanafunzi wa elimu ya juu nchini Uganda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ufadhili: serikali humlipia masomo katika chuo kikuu cha umma, naye harudishi hata shilingi. Njia ya pili ni mkopo, unaotolewa chini ya mpango wa Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mfadhiliwa na mkopaji wanaweza kusomea shahada ileile kwa mhadhiri yuleyule pale Makerere au Kyambogo, kisha wakaajiriwa hospitali moja. Lakini mmoja ataanza kazi akiwa huru, na mwenzake akiwa na deni. Tofauti hiyo haimalizwi na hesabu za hazina. Ndani yake mna maswali matatu ambayo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wameyajadili kwa karne nyingi: nani anastahili kupewa mali ya umma, je, anayekopa kwa sababu ya shida anaweza kudaiwa zaidi ya alichopewa, na aliyenufaika na elimu anadaiwa nini, tena na nani.

Kutoka posho hadi mkopo

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa chuo cha ufundi, ikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na mwaka 1970 ikasimama peke yake kama chuo kikuu cha taifa. Katika miongo ya kwanza ya uhuru, aliyepata nafasi hakulipa. Serikali iligharimia masomo, malazi na chakula, na juu yake ikatoa posho ya mfukoni ambayo wanafunzi waliiita bumu. Hoja ilikuwa kwamba taifa changa linahitaji madaktari, mahakimu na walimu, na kwamba msomi hasomeshwi kwa faida yake bali kwa faida ya wote. Wanafunzi walikuwa wachache, kwa hiyo hoja hiyo haikuigharimu hazina sana.

Vita na kuporomoka kwa uchumi viliibomoa hali hiyo. Mpango wa marekebisho ya uchumi ulioanza mwaka 1987, chini ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, ulidai serikali ipunguze matumizi, na posho za wanafunzi zikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Mvutano huo ulifikia kilele Desemba 1990, polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi wa Makerere waliokuwa wamegoma, na wawili wakafa. Kuanzia mwaka 1992 chuo kilianza kuwapokea wanafunzi wanaojilipia, kwanza katika masomo ya jioni, na kabla ya muongo huo kwisha hao ndio waliokuwa wengi. Profesa Mahmood Mamdani aliyachambua mageuzi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2007, Scholars in the Marketplace, akionya kwamba biashara ilikuwa ikiinyonya taaluma kutoka ndani.

Mkopo ulikuja mwisho. Kenya ilianza kuwakopesha wanafunzi wake miaka ya 1970, na mwaka 1995 ikaunda bodi yake, HELB. Tanzania ilipitisha sheria mwaka 2004, na bodi yake, HESLB, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Bodi ya Uganda ilitoa mikopo yake ya kwanza katika mwaka wa masomo wa 2014/15.

Kila hatua ya historia hii ilibeba jibu lake kuhusu elimu ya juu ni kitu gani. Bumu ilisema ni mali ya taifa iliyowekwa ndani ya mtu mmoja. Masomo ya kujilipia yalisema ni bidhaa, na mwenye nacho anunue. Mkopo unasema ni vyote viwili: taifa litangulize gharama, kisha mnufaika arejeshe fungu lake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 30, inatangaza kwamba kila mtu ana haki ya kupata elimu, lakini haisemi nani ailipie elimu ya chuo kikuu. Mjadala wote umo katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi.

Nani anastahili

Aristotle aliandika katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako kwamba watu wote hukubali mali ya pamoja igawanywe kwa kadiri ya stahili ya kila mmoja, ila hugombana mara moja wanapoulizana stahili ni nini. Ufadhili wa Uganda ni mfano wazi wa ugomvi huo.

Kila mwaka serikali huwafadhili wanafunzi takriban 4,000 katika vyuo vikuu vya umma. Wengi wao huchaguliwa kwa alama za mtihani wa kidato cha sita, na tangu mwaka 2005 kipaumbele kimekuwa masomo ya sayansi. Kigezo cha alama kina sura ya haki kamili, kwa kuwa msahihishaji haoni jina la baba wala rangi ya paa la nyumba. Hata hivyo alama hazianzii katika chumba cha mtihani. Serikali iliondoa karo katika shule za msingi mwaka 1997 na ikaanzisha mpango wa sekondari bila karo mwaka 2007. Lakini shule zinazotoa alama za juu kabisa nyingi ni shule za bweni za Kampala, Wakiso na Mukono, ambazo karo yake haifikiki kwa mkulima wa Karamoja. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio: mzazi aliyeweza kulipa karo kubwa kwa miaka sita ndiye anayepumzishwa chuoni, na aliyesoma katika shule isiyo na maabara huambiwa akope au arudi nyumbani.

Serikali yenyewe imeukiri upungufu huo kwa vitendo. Mwaka 1990 wasichana walianza kuongezewa pointi 1.5 katika maombi ya kujiunga na Makerere. Mwaka 2005 nafasi za wilaya zilitengwa ili kila pembe ya nchi ipate wafadhiliwa wake, na nafasi nyingine huwekwa kwa watu wenye ulemavu na kwa wanamichezo. John Rawls, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1971, alikwenda mbali zaidi: hata kipaji na bidii, alisema, hutegemea kwa sehemu kubwa familia na mazingira ambayo hakuna aliyeyachagua, na tofauti za manufaa zinakubalika tu zinapowainua walio chini kabisa. Kwa kipimo hicho, fedha za umma zinazomfuata mwenye alama nyingi bila kuuliza hali yake hazijatoa sababu ya kutosha.

Utetezi wa alama haupaswi kupuuzwa. Nchi inahitaji mpasuaji hodari, na mgonjwa hajali kama mpasuaji huyo alitoka jumba la Kololo au kibanda cha Bwaise. Fikihi ya Kiislamu ina jibu la kale linalounganisha pande zote mbili. Imamu Nawawi wa Damasko, aliyefariki mwaka 1277, alieleza kwamba anayetafuta elimu anaweza kupewa zaka hata kama ana nguvu za kujitafutia riziki, ikiwa kazi ingemkatiza masomo. Lakini asiyetarajiwa kufaulu katika elimu hiyo hapewi kwa sababu ya kusoma. Masharti ni mawili, na yote lazima yawepo: uhitaji na uwezo. Uwezo bila uhitaji haufungui mlango wa mali iliyowekwa kwa wahitaji, na uhitaji bila uwezo haujazi darasa. Likipelekwa Uganda, fundisho hilo linatenganisha maamuzi mawili yaliyozoea kuchanganywa: alama ziamue nani aingie chuoni, na hali ya maisha iamue nani alipiwe.

Ushahidi wa umaskini

Mkopo, tofauti na ufadhili wa alama, huuliza hali. Mwombaji hueleza kazi na mapato ya wazazi au walezi, makazi, ndugu wanaosomeshwa, shule alizopitia na karo iliyolipwa huko. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa, humtambua kama mkazi wa kijiji au mtaa wake. Na mwisho mwombaji hutia saini kwamba aliyoyaandika ni kweli. Kwa fomu hiyo umaskini unageuka kuwa jambo la kuthibitishwa, na hapo panazuka shida mbili.

Ya kwanza ni ya ukweli. Sehemu kubwa ya riziki ya Kampala haina hati ya mshahara. Mwendesha bodaboda, mama anayeuza nyanya Nakasero na fundi cherehani wa Owino hawana karatasi ya kuonyesha walichopata mwezi uliopita, na wakati huohuo mwenye duka Kikuubo anaweza kujieleza kuwa mkulima mdogo. Uongo wa namna hii mara nyingi huchukuliwa kuwa ujanja tu dhidi ya serikali. Lakini mfuko una kikomo: anayeingia kwa uongo humtoa mwingine aliyesema kweli. Amri ya kutoshuhudia uongo, iliyo miongoni mwa Amri Kumi, inahusu hasa ushuhuda unaomdhuru jirani, na hapa jirani yupo, ingawa jina lake halijulikani. Kurani, katika sura ya An-Nisaa, inawaamuru waumini wasimame na ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao, awe anayehusika tajiri au maskini. Ni nadra kupata amri ya dini inayoigusa fomu ya serikali kwa karibu hivyo, kwa sababu mwombaji wa mkopo huombwa jambo hilohilo: kutoa ushahidi juu ya mali ya wazazi wake.

Ya pili ni ya heshima. Kijana mwenye miaka kumi na tisa huorodhesha mbele ya maofisa kile ambacho nyumba yake huwaficha wageni. Kadiri maswali yanavyozidi, ndivyo wasio na haki ya mkopo wanavyokamatwa, na ndivyo wenye haki wanavyofedheheka. Pia mashine ya kupima umaskini inaweza kukosea. Kenya ilianzisha mwaka 2023 mfumo uliowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao, na wengi walilalamika kwamba wamewekwa katika kundi lisilo lao. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba, uamuzi ambao serikali iliukatia rufaa. Somo la kimaadili si kwamba hali ya mtu isiulizwe. Anayepimwa lazima ajue kipimo, aweze kulikosoa jibu, na asiulizwe zaidi ya kinachohitajika kuamua.

Riba

Swali linalowakera waombaji Waislamu zaidi ya mengine ni la nyongeza: je, kitakachorudishwa kitazidi kilichokopwa? Sura ya Al-Baqara inahalalisha biashara na kuharamisha riba, na wanazuoni wa madhehebu yote wamekubaliana juu ya msingi wake: mkopo ambao ndani yake kumeshurutishwa ziada kwa manufaa ya mkopeshaji ni riba. Kiwango hakibadilishi hukumu. Asilimia 4 inayotozwa na HELB ya Kenya ni ndogo mno ikilinganishwa na riba ya benki, lakini kwa fikihi ya kawaida udogo si uhalali.

Watetezi wa nyongeza hujibu kwamba si faida bali ni fidia ya thamani inayoyeyuka. Tanzania iliita tozo yake ya asilimia 6 kwa mwaka kuwa ya kulinda thamani ya mkopo. Hoja hiyo ina uzito Uganda, nchi iliyoona shilingi ikigeuka makaratasi: Mei 1987 serikali ilibadilisha shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya na kukata asilimia 30 juu yake. Aliyekopesha kabla ya hapo na kulipwa idadi ileile alirudishiwa kivuli cha mali yake. Hata hivyo Baraza la Fikihi la Kimataifa, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, liliamua katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988 kwamba deni la fedha hulipwa kwa idadi yake, si kwa thamani yake, na halifungwi na kupanda kwa bei. Sababu yake inaeleweka: sarafu haikushushwa na mdaiwa, na kumbebesha yeye peke yake hasara ya wote ni kuirudisha riba kwa jina jingine. Baraza hilohilo lilikuwa limeruhusu mwaka 1986, katika kikao cha Amman, ada ya huduma isiyozidi gharama halisi za kuendesha mkopo. Kwa hiyo mpaka umechorwa wazi: bodi inaweza kumtoza mkopaji gharama ya kuhifadhi faili lake, haiwezi kumtoza kwa sababu ya kupita kwa wakati.

Njia nyingine inayofuatwa ni ya dharura, ambayo huhalalisha kilichoharamishwa kwa kadiri ya haja. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, mwaka 1999, liliwaruhusu Waislamu wa nchi za Magharibi kununua nyumba kwa mkopo wa riba pale njia nyingine inapokosekana, na wapo walioipanua ruhusa hiyo kufikia masomo. Wengine wamekataa, wakisema kwamba aliyekosa shahada hajafikia hali ya aliyekosa chakula. Hoja ya wapinzani ni nzito kwa mtu mmoja, lakini hupungua nguvu ikiangaliwa kwa jamii. Fikihi huihesabu taaluma ya udaktari kuwa faradhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima unaotimizwa na baadhi yao. Wasipopatikana wa kuutimiza, dhambi huwaangukia wote. Ikiwa vijana Waislamu wa Uganda watakwepa mikopo na jamii yao isiwe na wakfu wala mfuko wa kuwasomesha, basi lawama haiko kwa kijana aliyekopa peke yake. Iko pia kwa waliomwambia asikope wakamwacha mikono mitupu. Kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda mjini Mbale mwaka 1988 kulijibu sehemu ya haja hiyo, lakini chuo hicho nacho hulipiwa karo.

Kuna pia njia ya kuubadilisha mkataba wenyewe. Badala ya kukopesha fedha, mfadhili anaweza kuinunua huduma ya masomo kutoka chuoni na kumuuzia mwanafunzi kwa bei ya juu iliyokubaliwa tangu mwanzo, ailipe kwa awamu. Au wanafunzi wanaweza kuunganishwa katika mfuko wa takafuli, ambamo anayehitimu na kupata kazi huchangia ili anayefuata asome. Serikali ya Uingereza ilipendekeza mfumo wa takafuli mwaka 2014 na ikajipa mamlaka ya kisheria ya kuuanzisha mwaka 2017, lakini miaka ikapita bila mwanafunzi kuupata. Uganda iliruhusu benki za Kiislamu kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, na benki ya kwanza ya aina hiyo, Salaam Bank, ilipata leseni mwaka 2023. Nyenzo za kisheria za kuunda mkopo usio na riba, basi, si ngeni tena Kampala. Wakosoaji husema kwamba mikataba hii hubadilisha jina tu, maana mwanafunzi anaweza kuishia kulipa kiasi kilekile. Katika mauzo ya awamu wamesahau jambo moja: bei ikishakubaliwa haikui. Aliyechelewa kwa kukosa kazi hadaiwi zaidi ya aliyelipa mapema, na mambo hayo mawili ndiyo yanayoitenga biashara na riba.

Ukristo, dini ya Waganda walio wengi, ulianza katika msimamo unaofanana na huo. Vitabu vya Kutoka na Mambo ya Walawi vinakataza riba, tena vinamtaja hasa maskini anayekopa kwa shida. Kumbukumbu la Torati linaagiza madeni yasamehewe kila mwaka wa saba. Thomas Aquinas alishikilia kwamba fedha hutumika kwa kuisha, hivyo kudai malipo ya matumizi yake mbali na fedha yenyewe ni kuuza kisichokuwepo. Papa Benedikto wa 14 alirudia katazo hilo mwaka 1745, ingawa alikiri kwamba zinaweza kuwapo sababu nyingine halali za kudai fidia, na kwa karne zilizofuata sababu hizo ndizo zilizopanuliwa mpaka riba ya kibenki ikazoeleka. John Calvin alikuwa amekwisha kuruhusu riba ya kiasi, lakini hakukubali maskini atozwe. Kwa hiyo hata Mkristo anayeweka akiba yake benki bila wasiwasi anakutana na katazo la zamani mahali lilipokuwa na nguvu zaidi. Katika mkopo wa biashara, anayekopa anatarajia kuchuma; katika mkopo wa bodi, sharti la kwanza la kukopeshwa ni kutokuwa na uwezo. Mkopaji wa namna hiyo ndiye Torati iliyemlinda kwa jina.

Dini hizi mbili zinakutana katika hoja ambayo haihitaji imani kueleweka. Nyongeza inayokua na wakati humwadhibu zaidi anayechelewa kulipa, na mara nyingi anayechelewa ni yule aliyekosa kazi, yaani aliyenufaika kidogo na masomo. Aliyebahatika hulipa haraka na kulipa kidogo, asiyebahatika hulipa polepole na kulipa zaidi. Mpango ulioanzishwa ili kupunguza tofauti za kuzaliwa unazirudisha wakati wa kulipa. Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alipotangaza Mei 2021 kwamba tozo ya asilimia 6 inafutwa, wenye madeni wa dini zote walishangilia kwa sababu hiyo: walikuwa wakilipa kila mwezi na deni halipungui.

Deni la mhitimu

Kukataa riba si kukataa deni. Sura ya Al-Baqara inayokemea riba ndiyo hiyo inayoagiza mkopo uandikwe mbele ya mashahidi, na mapokeo ya Mtume yanasimulia kwamba aliacha kumswalia maiti mwenye deni hadi alipojitokeza mtu wa kulibeba. Mapokeo hayohayo huuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhuluma. Lakini sura hiyo pia inaamuru mwenye dhiki asubiriwe hadi apate wasaa, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye uwezo asiyelipa na mwenye dhiki asiyeweza kulipa hawawekwi, basi, katika orodha moja.

Mifumo ya ulipaji inaweza kupimwa kwa tofauti hiyo. Mkopaji wa Uganda hupewa mwaka mmoja baada ya masomo kabla ya kuanza kulipa. Australia, tangu mwaka 1989, hudai sehemu ya mapato yanapovuka kiwango fulani, na asiyefika hapo hadaiwi kwa wakati huo. Tanzania hukata asilimia 15 ya mshahara wa mwajiriwa. Makato ya asilimia yana fadhila ya kumsubiri asiye na kazi, lakini katika uchumi wa Kampala yana kasoro kubwa: humshika mwalimu mwenye hati ya mshahara na kumwacha mhitimu anayeingiza mara tatu yake kwa biashara isiyo na daftari. Huko sheria haina mkono mrefu wa kutosha, na kinachobaki ni dhamiri ya mdaiwa. Dhamiri hiyo huanza kwa kutambua mkopeshaji ni nani. Kinachorejeshwa kinakusudiwa kumkopesha mwombaji anayefuata. Asiyelipa hali anaweza hajaishinda serikali, amemnyima kiti kijana asiyemjua.

Juu ya deni hili lililoandikwa kuna lingine lisiloandikwa. Mwaka 1964 Julius Nyerere aliwafananisha waliosomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula. Asiporudi, ni msaliti. Miaka miwili baadaye wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga sharti la kulitumikia taifa, na serikali ikawafukuza karibu 400. Mkopo unaonekana kuufuta mfano huo: aliyekula amelipia chakula chake, basi hadaiwi safari. Hivyo ndivyo mkopo unavyoweza kubadilisha fikra bila mtu kukusudia, ukamfanya mhitimu aione shahada yake kuwa mali aliyoinunua.

Hesabu zenyewe hazikubali jambo hilo. Chuo cha umma hakijengwi kwa karo pekee; ardhi, majengo, mishahara na hospitali za kujifunzia hutoka katika kodi. Uganda hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, nayo hulipwa na kila anayenunua sabuni au muda wa maongezi, wakiwemo walio wengi ambao watoto wao hawatafika chuoni, maana ni chini ya kijana mmoja kati ya kumi anayefika. Mkopo ukishalipwa, mhitimu amemaliza deni lake kwa bodi. Muuza nyanya aliyechangia majengo hayo bila kuulizwa bado hajarudishiwa kitu.

Deni hilo la pili halina kiwango wala tarehe, ndiyo maana ni rahisi kulitumia vibaya, ama kwa serikali inayotaka utii wa wasomi, ama kwa ukoo unaotaka mshahara wao wote. Likichukuliwa kwa kiasi, linadai mambo yanayojulikana: daktari asimdai hongo mgonjwa ambaye kodi yake ilimsomesha, mhandisi asiidhinishe barabara isiyo na lami ya kutosha, mwalimu aingie darasani. Kwa anayehamia Ghuba au Ulaya, suala ni gumu zaidi. Anaweza kuulipa mkopo wake kikamilifu akiwa ugenini, na fedha anazotuma huilisha familia yake; lakini familia yake ni sehemu ndogo tu ya waliomsomesha. Uhuru wa kuondoka ni haki yake, na haki ya kutumia uhuru huo haifuti deni, hubadilisha tu namna ya kulilipa.

Mfadhiliwa wa alama ndiye mwenye deni la pili kubwa kuliko wote, kwa kuwa hakulipa hata la kwanza, na ndiye ambaye mfumo humkumbusha kidogo zaidi. Hapo kasoro ya mgawanyo wa Uganda inaonekana yote kwa pamoja: zawadi inaulizia alama, mkopo unaulizia umaskini, na hivyo deni linawafuata wasio nacho. Kurekebisha hali hiyo hakuhitaji kuondoa ufadhili wala mkopo. Kunahitaji waombaji wote wapimwe kwa fomu moja ya hali ya maisha, zawadi iende kwa mwenye uwezo aliye maskini zaidi, mkopo usio na nyongeza uende kwa anayemfuatia, na mwenye nacho alipe karo yake.